Mafuta ya Cherehani kwenye Kikanyagio cha Gitaa

Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwapo wanaujua, sina haja ya kuutaja kwa tarakimu. Tulipanga foleni tangu alfajiri kupata unga ambao huko ulikotoka, tuliambiwa, hulishwa kuku. Tukausonga, ugali ukatoka na rangi ya macho ya mgonjwa wa manjano, ukipoa unakatika kama sabuni. Sabuni yenyewe haikuwapo. Tulifulia majani ya mpapai. Kitoweo kikiwa dagaa wa kuchoma, siku hiyo tumekula. Kitu kimoja tu hakikukosekana, nazi. Pwani yetu hii hata nchi ikaukiwe na kila kitu, nazi itaanguka tu. Basi mafuta ya nazi yalikuwa dawa ya kila jambo: ya nywele, ya ngozi, ya kukaangia, ya kifua cha mtoto, ya bawaba ya mlango inayolia. Hayo ya bawaba yawekeni akilini, maana ndiyo yaliyotutia aibu.

Tulikaa Makorora, hapa Tanga, vyumba viwili vya kupanga, mimi, mume wangu, mama yake na watoto wanne. Mchana mume wangu alikuwa kuli bandarini, anabeba marobota ya mkonge. Siku za harusi alikuwa mpiga gitaa katika kikundi cha taarab. Mimi nilikuwa mshonaji, na cherehani yangu ilikuwa ya miguu. Kwa hiyo nyumba ile ilikula kwa miguu: mimi nakanyaga huku, yeye anakanyaga kule.

Alichokuwa akikanyaga yeye kilikuja na baharia mmoja. Kisanduku cha bati, kizito kama tofali bichi, rangi ya chungwa, juu yake kitufe cha chuma mfano wa kichwa cha msumari mnene. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, unatokea wa pili kwenda kwenye spika. Ukikikanyaga, gitaa linabadilika, linakuwa na kwikwi kama mtu anayelia huku amejiziba pua kwa upindo wa kanga. Ukikikanyaga tena, linarudi kuwa gitaa. Tanga nzima hakuna aliyekuwa na kitu hicho. Baharia hakutaka fedha yetu, aifanyie nini? Alitaka mkeka. Akachukua mkeka wangu wa miyaa, wa rangi nne, niliousuka miezi miwili na kuuweka kwa ajili ya bi harusi au maiti, yeyote atakayetangulia nyumbani kwangu. Mume wangu aliniomba. Nikatoa.

Hewa ya Tanga haina huruma na chuma. Baada ya miaka kadhaa kile kitufe kikaanza kulia. Ukikibonyeza, nyii. Nyumbani ilikuwa mzaha, watoto wakakiita kifaranga. Kwenye harusi moja ya Ngamiani ikawa si mzaha tena. Kikundi kilikuwa na maiki moja, na mwimbaji wetu alikuwa mama mnene mwenye magoti mabovu, akiimba amekaa, kwa hiyo maiki ilikuwa chini, karibu na mguu wa mume wangu. Wimbo ulikuwa wa taratibu. Mume wangu akakanyaga. Nyii! Spika zikaipeleka nyii hiyo mpaka barabarani. Akakanyaga tena ili kuirudisha sauti. Nyii!

"Panya!" akasema mwanamke wa safu ya mbele.

"Si panya, ni viatu vya bwana harusi, kaazima."

"Wewe mshonaji, lete paka! Mumeo kakanyaga panya!"

Hilo la mwisho lililengwa kwangu, maana pale wote walinijua. Nusu ya magauni yaliyokaa vitini niliyashona mimi. Nikacheka nao. Ukikasirika mbele ya wanawake wa Tanga umekwisha, watakutungia na kiitikio.

Kiongozi wa kikundi, mpiga fidla, mtu mwembamba aliyependa kanzu yake ipigwe pasi mpaka isimame yenyewe, hakucheka. Tulipokuwa tunafungasha vyombo akamwambia mume wangu mbele yangu:

"Ndugu yangu, mimi naongoza taarab, siongozi ghala la panya. Nakupa mpaka safari ya harusi ya Amani, kule milimani. Kikituaibisha huko, kiti chako nampa kijana wa kinanda."

Kijana wa kinanda tulimjua. Mjomba wake alimletea kinanda cha umeme kutoka Mombasa, kidogo kama ubao wa kukatia nyama, na kinatoa sauti ishirini. Na kile kiti, mume wangu alikikalia tangu hatujaoana. Bandarini alikuwa mgongo tu. Wenye meli walihesabu migongo, hawakuuliza majina. Kwenye kile kiti alikuwa mtu. Wanawake walipoinuka kumtunza walimwita kwa jina la baba yake. Nisiseme mengi. Mwanamume akinyang'anywa kitu kama hicho, anayebaki na uchungu wake ndani ni mkewe, na mimi nilikuwa nimechoka tayari.

Kesho yake jioni mume wangu alikuja na sauti ya upole, ile ya mtu anayetaka kitu.

"Mama watoto, nipe tone moja la mafuta ya cherehani."

Mwaka ule mafuta ya cherehani yalikuwa kama damu. Nilikuwa nayo robo ya kichupa, kichupa cha dawa ya macho, yaliyovushwa mpakani ndani ya sidiria ya mwanamke ambaye sitamtaja. Yakiisha hakuna mengine. Na cherehani isiyo mafuta hula uzi, kisha hula sindano, kisha hujila yenyewe. Nilitembea na kile kichupa kifuani, nimekifunga kwenye upindo wa kanga, kwa sababu mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alikuwa na mkono mwepesi wa kuwasaidia majirani kwa vitu vyangu.

"Tone moja," akasema. "Litakupunguzia nini?"

"Litanipunguzia tone moja."

"Usisahau gitaa ndilo lililokuleta kwangu."

"Na cherehani ndiyo iliyonibakisha."

Hilo likamchoma. Akasema neno ambalo hakupaswa kulisema: "Hicho chako ni kelele tu ya kutwa. Changu ni sauti."

Nilikuwa nimetoka foleni tangu alfajiri na kurudi na kilo mbili za unga wa kuku. Nilikuwa nimegeuza kola za mashati saba, ya ndani nje, ya nje ndani, maana kitambaa kipya hakikuwapo nchi nzima. Nilikwisha toa mkeka. Nilikwisha toa bangili zangu siku mtoto alipokosa dawa. Nilikwisha toa kitanda changu kwa mama yake, nikalala chini. Nikamtazama, nikasema:

"Sitoi. Nimechoka kutoa. Sitoi."

Akaenda kumwita mama yake. Mwanamume mzima, ndevu zimeota mvi, akaenda kumwita mama yake! Mavyaa akaja na bakora yake akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mume hanyimwi."

"Mavyaa, mume hanyimwi chakula. Hapa hakuna aliyeomba chakula."

Akamgeukia mwanawe. "Basi usijidhalilishe. Tia ya nazi. Mlango huu ulikuwa unalia kuliko mbwa mwenye njaa, nimeutia nazi juzi, unausikia?" Akausukuma mlango huku na huku. Kweli, kimya.

Mume wangu akachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya nazi, akakipaka kile kitufe pande zote mpaka yakachuruzika ndani. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akanitazama. Mavyaa akanitazama. Hata watoto wakanitazama.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Mimi nilijua. Fundi mzee wa Ngamiani aliyenifundisha kazi alinichapa mkono kwa futi siku aliponikuta natia mafuta ya nazi kwenye mashine yake. "Nazi ni ya kichwa, si ya chuma," alisema. "Leo laini, kesho gundi. Kipupwe kikija, inaganda kama samli." Nilijua, na Amani tulikuwa tunakwenda mwezi wa kipupwe. Nikainama, nikaendelea kushona.

Nilikwenda nao Amani kwa sababu sare za waitikiaji nilizishona mimi, na mbili zilikuwa hazijakunjwa upindo. Mtu wa kwetu aliyeajiriwa kule milimani alikuwa akimwoza binti. Tulipakiwa kwenye lori pamoja na spika na masufuria. Mpaka Muheza tulikuwa tunajipepea. Baada ya hapo barabara ikaanza kupinda na kupanda, miti ikazidi urefu, na baridi ikaingia kwenye mikono ya magauni yetu ya pwani, ambayo hayajui baridi. Wanawake waliokuwa wakiimba wakaacha, wakajikunyata. Tulipofika ukungu ulikuwa umekaa juu ya paa la nyumba ya harusi, na ilikuwa saa sita mchana.

Kikundi kilitakiwa kupiga baada ya adhuhuri, lori liweze kuteremka kabla ya giza. Wanawake tukapewa chumba cha kujipamba. Mwenzangu mmoja akatoa chupa yake ya mafuta ya nazi apake nywele, akaiinamisha kiganjani. Hayatoki. Akaitikisa. Chupa nzima ilikuwa nyeupe, imeganda.

"Jamani, huku hata mafuta yanaogopa!" akasema, wakacheka wote. Akaiweka kwapani aipashe moto.

Mimi sikucheka. Niliitazama ile chupa, nikakiona akilini kile kikanyagio. Nilikuwa na kichupa changu kifuani. Nilikuwa na bisibisi ndogo ya cherehani ndani ya mkoba wa nyuzi. Mume wangu alikuwa uani, hatua thelathini hivi, anakaza nyuzi za gitaa. Muda ulikuwapo, maulidi yaliyotangulia taarab yalikuwa bado hayajaisha. Nikajiambia, akija kuniuliza nitampa. Hakuja. Angejuaje? Nikakunja upindo wa sare, nikakata uzi kwa meno.

Wimbo wa kwanza hakukanyaga. Wa pili ulikuwa wa kumsifu mama wa bi harusi, na mama mwenyewe alikuwa amekwisha inuka na zawadi yake mkononi, anakuja kutunza kwa ule mwendo wa kujidai. Mume wangu akakanyaga. Kitufe kikazama, wala hakikulia. Gitaa likaanza kwikwi yake, vizuri kabisa, watu wakaguna kwa raha. Kisha akakanyaga kulirudisha. Hakuna kitu. Kitufe kilikuwa kimezama na kubaki kimezama. Akakanyaga kwa kisigino. Akakanyaga kama anayeua nge. Mwimbaji akaanza ubeti mpya, na gitaa likamlilia juu ya maneno yake, kwikwi kwikwi, mpaka maneno ya sifa hayasikiki. Yule mama akasimama katikati ya watu, zawadi mkononi, hajui aende mbele au arudi.

Ngamiani wangecheka. Kule Amani watu ni wapole, waliinamisha vichwa. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Kiongozi akashusha fidla. "Zima," akasema. Mume wangu akachomoa waya. Saa mbili zilizobaki alikaa pale na gitaa mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto si wake, na nyimbo zote zikapigwa bila yeye.

Tukapakiwa tena kwenye lori, tukateremka. Tulipofika Muheza joto likarudi, nikasikia ndani ya kikapu chake: tk. Kitufe kimeinuka chenyewe. Akakifunika kwa koti.

"Idi kubwa ni baada ya wiki tatu," kiongozi alisema tuliposhuka. "Tunapiga Mosi. Nataka kiwe kimya, na kiwe kinatii. Kama hakiwezi, njoo Idi hiyo ukae na wasikilizaji. Sitarudia."

Asubuhi yake mume wangu alikwenda bandarini bila kunywa chai. Si kwamba chai ilikuwapo. Lakini alikuwa na desturi ya kukaa na kikombe cha maji ya moto na kukiita chai. Siku ile hakukaa.

Nikakitoa kile kidude kapuni, nikakiweka juu ya meza ya cherehani, nikakifungua parafujo nne. Loo! Mafuta ya nazi yalikuwa yameshika vumbi la barabara ya Amani, nyuzi za gunia, na mchanga, yamekuwa kama ukoko wa uji. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, kidogo, maana nayo yalikuwa ya kupimiwa, nikaufuta ule mti wa kitufe, nje na pande zote, kama unavyomfuta mtoto mwenye macho mabovu, sikugusa nyaya. Nikaacha pakauka. Kisha nikafungua upindo wa kanga.

Yalikuwa yamebaki matone manne au matano. Niliweka moja, kwenye shina la kitufe, kwa ncha ya sindano. Nikabonyeza kwa kiganja, nikaachia. Nyi, kwa chini. Nikaweka la pili. Nikabonyeza, nikaachia, nikabonyeza, nikaachia, mpaka kiganja kikawa na duara jekundu. Yaliyozidi nikayafuta, kwa sababu mafuta mengi kwenye chuma ni kama sifa nyingi kwa mtu, hukusanya taka. Mavyaa alikuwa mlangoni muda wote huo. Akaja akakaa karibu nami akaanza kuchambua dagaa.

Mume wangu aliporudi alikikuta juu ya kitanda cha watoto. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Akakipeleka sikioni, akabonyeza tena.

"Ulisema hutoi."

"Sikukupa wewe. Nilikipa kidude."

Akakaa chini. Nilidhani atacheka, alikuwa mtu wa kucheka. Akakaa tu, na mikono yake ile iliyochanika kwa mkonge, akanishika kifundo cha mguu, ule wa kukanyagia, akakishika hivyo mpaka maji ya ugali yakachemka.

Idi Mosi alipiga, na kiti akabaki nacho. Sikwenda kumsikia. Nilikuwa na magauni ya watoto wa mtaa mzima, nayo cherehani ilikuwa imekauka. Yale matone yaliyobaki hayakuitosha. Ililia wiki nzima ya Idi, ikavunja sindano zangu mbili nami sikuwa na ya tatu. Jirani akapitisha kichwa dirishani: "Yule panya wa mumeo kahamia kwako?" Nikamjibu ndiyo, kahamia, na kodi halipi.

La kule Amani, kwamba nilikuwa na dawa kifuani na nikakata uzi kwa meno, sikumwambia. Nilingoja siku ya kumwambia, siku zikawa na kazi nyingine. Nimelala naye miaka mingine mingi na neno lile katikati yetu, dogo, kama punje ya mchanga kwenye shuka. Yeye hakuligusa. Labda alilijua.

Kisha ukaja mwaka wa mchele wa nje, ule mweupe unaochambuka wenyewe, na mkate uliokatwa tayari, na siagi ya kopo. Maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa chini kwa marobota, na kola za kugeuza nikaacha kuletewa, nani ageuze kola wakati shati zima liko pale lingine? Mafuta ya cherehani yakawa yanauzwa kwa chupa kubwa, yamepangwa kama soda, na kazi ya kuyatumia hakuna. Na vinanda vikaja, virefu kama jeneza, vinatoa fidla, vinatoa ngoma, vinatoa gitaa lenye kwikwi. Kiongozi alimwambia mume wangu kwa adabu sana, na soda akamnunulia. Gitaa lilikuwa la kikundi, akalirudisha. Alikuja nyumbani na kile kisanduku cha chungwa tu.

Akawa anakaa nacho barazani, miguu peku, hakuna gitaa, hakuna spika. Anakanyaga. Tk. Anakanyaga. Tk. Wapita njia walidhani anahesabu. Kila Idi nilikifungua, nikakifuta, nikatia tone moja. Alikuwa akikileta mwenyewe na kukiweka mbele yangu. Haombi, ananiigiza sauti: "Sitoi, nimechoka kutoa, sitoi," huku anacheka. Nami natoa.

Alipofariki nilikifungia sandukuni pamoja na kanzu yake.

Arubaini haijapita, yule kiongozi alikuja. Amezeeka, lakini kanzu bado inasimama yenyewe. Alileta sukari na mchele, akasoma fatiha, akalia machozi ya kweli, sitamsingizia. Kisha akakohoa.

"Shemeji, kile kikanyagio unacho?"

"Ninacho."

"Watu wameanza kuulizia ile sauti ya zamani. Kinanda kinaiga, lakini hakifiki. Tukasema, wewe utakifanyia nini? Kinaozea sandukuni. Na marehemu alikuwa wa kikundi, kwa hiyo kile nacho, ukiangalia, ni cha kikundi."

"Kilinunuliwa kwa mkeka wangu."

"Mkeka nitakuletea, shemeji. Mzuri, kutoka Pemba."

"Kinalia, kile."

"Tutakitia mafuta. Siku hizi mafuta yapo tele."

Mafuta yapo tele. Nikamtazama mtu yule. Nikauona ule ua wa Amani, hatua thelathini. Nikamwona mume wangu na gitaa mapajani, saa mbili nzima, na huyu ndiye aliyemwambia azime. Lakini aliyemwacha akanyage alikuwa mimi. Kisanduku kile ndicho kitu pekee nilichopata kukitengeneza baada ya kukiharibu, na nilikitengeneza kwa mkono wangu, na duara lake nililiona kiganjani siku nzima. Sikuwa na nguvu ya kumweleza hayo. Magoti yalikuwa yakiuma, eda ilikuwa bado ndefu, na sukari yake ilikuwa imekaa kati yetu juu ya jamvi. Nikaisukuma kidogo upande wake, nikasema:

"Sitoi. Nimechoka kutoa. Sitoi."